Piga hesabu mwenyewe: lori la umeme linavyojichaji likiteremka na mzigo

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Chukua kalamu, karatasi na kikokotoo, maana leo tunapiga hesabu pamoja. Lori tunalolitazama linaitwa eDumper, na limefanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji karibu na mji wa Biel, Uswisi. Zamani lilikuwa Komatsu ya dizeli. Mafundi wakang'oa injini, wakafunga mota na betri ya kilowati-saa 600, ambayo peke yake ina tani 4.5. Likiwa tupu lina tani 45, na hubeba tani 65. Wengi wakisikia linajichaji wanasema ni uongo. Ngoja tuone nishati inatoka wapi.

Kwanza kabisa, angalia mzigo unaelekea wapi. Hapa mawe yanachimbwa juu mlimani, kiwanda kiko chini. Lori linashuka limejaa, linapanda tupu. Kama mgodi wako ni shimo na mzigo unapandishwa, breki zitakurudishia kiasi kidogo tu lori likishuka tupu. Halitajitosheleza.

Hatua ya pili ni kuielewa breki. Umewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo? Ukiilaza kwenye tairi taa inawaka, na papo hapo pedali zinakuwa nzito miguuni. Ule uzito ndio breki yenyewe. Lori nalo ni hivyo hivyo: likiteremka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, mota inageuka jenereta, umeme unaingia kwenye betri na mwendo unapungua. Lori la dizeli kwenye mteremko huohuo linaigeuza nguvu yote hiyo kuwa joto na kuipeperusha hewani. Kwangu mimi huo ni upotevu unaouma.

Sasa tuandike. Tani 1 ikishuka kimo cha mita 100 inaachia kilowati-saa 0.27. Lori lililojaa ni tani 110, kwa hiyo linaachia 30. Likirudi juu na tani zake 45 linahitaji 12 tu. Ziada ya 18! Usishangilie bado, kuna makato.

Matairi yanakula sehemu yao. Kwenye barabara ngumu, iliyosawazishwa vizuri, tuchukue kwamba yanalivuta lori nyuma kwa nguvu iliyo sawa na asilimia 2 ya uzito wake. Mteremko wa asilimia 13 una karibu mita 770 za barabara kwa kila mita 100 za kimo. Asilimia 2 ya hizo 770 ni kama kupoteza mita 15 za kimo kati ya 100, kwa hiyo zile 30 za kushuka zinabaki 25. Umeme nao unapungua ukipita kwenye mota, inveta (kifaa kinachobadilisha umeme kati ya betri na mota) na betri. Tuseme asilimia 85 ndiyo inayofika. Betri inapokea kama 21.5. Kupanda, zile 12 pamoja na makato ya matairi zinakuwa 14 kwenye magurudumu, kwa hiyo betri inatoa takriban 16.5. Ziada halisi ni 5 kwa safari.

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Rudia hesabu ileile, ila barabara iwe ya matope, na makato ya matairi yawe asilimia 5 badala ya 2. Betri inapokea kama 15.5 na inatoa 20. Umeingia hasara ya zaidi ya 4 kila safari, kwa lori lilelile na mlima uleule. Kwa hiyo kabla hujaulizia betri kubwa zaidi, ulizia greda linapita barabarani mara ngapi.

Jambo jingine, na hili ni la usalama: usiteremke na betri iliyojaa. Umeme utakosa pa kwenda, na dereva atabaki na breki za kawaida huku tani 110 zikimsukuma. Acha nafasi ya kilowati-saa 22 kwa kila mita 100 za kimo, kisha ongeza akiba. Asubuhi ya baridi kali, ipashe betri joto kwanza, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwa baridi sana haipendi kuchajiwa kwa kasi.

Ukitaka kuhakiki kazi yako, soma asilimia ya betri mahali palepale juu, kabla ya kupakia, safari ya kwanza na ya kumi. Ikiwa namba imepanda, mlima wako unalichaji lori. Ikiwa imeshuka, anza kwa kukagua barabara.