Kivumishi cha Kiingereza Kikae Wapi?

Ndugu zangu, tuanze na sentensi hii: "Nilikuta barua kwenye sanduku iliyochanika." Nini kimechanika? Barua. Hamkubabaika, kwa sababu ile "i-" imewanong'oneza. Ningesema "lililochanika", mngeligeukia sanduku. Mpangilio ni ule ule, kilichobadilika ni upatanisho tu.

Sasa iandikeni kwa Kiingereza: "I found a letter in the box that was torn." Kipi kimechanika? Huwezi kuapa. Kiingereza hakina ngeli kama zetu, na "that" ni hiyo hiyo kwa barua na kwa sanduku. Kazi inayofanywa na kiambishi kwetu, kule hufanywa na ujirani: maelezo yakae ubavuni mwa nomino yake. "In the box I found a letter that was torn." Utata umekwisha.

Hapo ndipo tunapoteleza, maana tumezoea kubebwa na viambishi. Mimi niliwahi kuandika kwenye insha, "Running to class, the bell rang." Kichwani nilikuwa na "Nikikimbilia darasani, kengele ikalia", na ile "ni-" ilinitaja mimi. Kwenye Kiingereza changu sikuwemo kabisa. Mwalimu akachora kengele yenye miguu pembeni mwa karatasi! Ilitakiwa "As I was running to class, the bell rang."

Kivumishi cha neno moja hakisumbui sana. Kwa kawaida hutangulia nomino, ila kwa "something" na wenzake hufuata: "something useful". Vikiwa viwili, ukubwa hutangulia rangi: "a big red box". Ukigeuza, utaeleweka, lakini sikio la mwenye lugha litakwaruzika.

Nomino ikifafanua nomino, ya mwisho ndiyo mwenye nyumba. "Horse race" ni mbio, "racehorse" ni farasi.

Ninalolipenda zaidi ni hili. "The concerned parents" ni wazazi wenye wasiwasi, "the parents concerned" ni wazazi wanaohusika. Basi dirisha la darasa limevunjwa, na mkuu wa shule anaandika, "We will call the concerned parents." Amewaita waliokosa usingizi. Baba wa aliyerusha jiwe, kama hana habari, analala fofofo.