Jalada la Auguste

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nianze na mazungumzo ya watu wawili.

Ni Novemba 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Mwanamke wa miaka 51 amekaa kitandani, uso umemduwaa. Daktari Alois Alzheimer anamuuliza jina lake. "Auguste." Jina la ukoo? "Auguste." Mumeo je, anaitwa nani? "Auguste, nadhani." Mchana analetewa koliflawa na nyama ya nguruwe. Daktari anamuuliza anakula nini, naye anajibu kwamba ni spinachi. Anapewa kalamu aandike jina lake. Anaandika "Bibi", kisha yaliyobaki yanampotea. Kuna mahali anasema, kwa namna fulani, amejipoteza mwenyewe.

Daktari aliandika yote hayo neno kwa neno kwenye jalada la mgonjwa wake. Auguste Deter alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge ya kitu kigeni nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Novemba mwaka huohuo aliyaeleza hayo kwenye mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Tangu hapo ugonjwa huo wa kupoteza kumbukumbu ukaja kuitwa kwa jina la daktari huyo, Alzheimer.

Na jalada je? Lilipotea. Watafiti walikuja kulipata Desemba 1995, kwenye kumbukumbu za hospitali kulekule Frankfurt. Vipande vya ubongo wenyewe navyo vilipatikana Munich katika miaka hiyohiyo ya 1990. Kwa karibu miaka tisini, madaktari walibishana juu ya mgonjwa huyu wa kwanza. Wengine walishuku kwamba hakuwa na Alzheimer kabisa, bali maradhi mengine ya ubongo. Na muda wote huo ushahidi ulikuwepo, umelala kwenye rafu. Vipande vilipopatikana, mabonge yalionekana tena, na nyuzi zilionekana tena. Mwaka 2013 kundi moja la watafiti likatangaza kwamba limeona hitilafu katika jeni moja ya Auguste. Mwaka uliofuata kundi jingine likapima na halikuiona. Mimi naliona jambo hilo kuwa jema. Watu wawili wanaweza kubishania jibu moja pale tu wote wawili wanapoweza kukishika kilekile kilichopimwa.

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Data ya mgonjwa iliyofungiwa kwa mtafiti mmoja ni jalada la Auguste linalopotea upya.

Utafiti wa kila ugonjwa unafaidika watafiti wanaposhirikiana, lakini Alzheimer ina tabia yake. Protini iitwayo amiloidi huanza kujikusanya ubongoni miaka 15, hata 20, kabla mtu hajaanza kusahau majina ya wajukuu. Anayetaka kuuona ugonjwa ukianza inabidi afuatilie watu wazima wenye afya kwa miaka mingi, wengi wao wasiugue kamwe. Mtafiti mmoja anaweza kustaafu kabla swali lake halijajibiwa. Fedha nazo huisha mapema kuliko ugonjwa unavyokwenda.

Mwaka 2004, Marekani ilianzisha utafiti uitwao ADNI, wa kufuatilia Alzheimer kwa picha za ubongo, ukiongozwa na mtafiti Michael Weiner. Ulianza na watu wapatao 800 wa Marekani na Kanada: wazima 200, wenye kusahau kidogo 400, na wenye Alzheimer iliyokwisha kujitokeza 200. Walipigwa picha za ubongo za MRI, zinazopigwa kwa sumaku, baadhi wakapigwa na za PET, zinazoonyesha ubongo unavyofanya kazi, wakapimwa kumbukumbu, wakatolewa damu. Takriban nusu yao walikubali hata kuchomwa sindano mgongoni ili yatolewe maji ya uti wa mgongo, ambamo amiloidi na protini nyingine iitwayo tau hupimwa. Kampuni za dawa zilichangia fedha pamoja na serikali. Kisha wakakubaliana jambo ambalo wakati ule liliwashangaza wengi: hakuna atakayemiliki data, wala kukimbilia kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa mmiliki pekee. Ilipofika, ilikaguliwa, ikawekwa wazi, na mtafiti yeyote duniani aliweza kuiomba, hata kabla walioikusanya hawajaandika makala yao.

Mtafiti anayejua jinsi vyeo vinavyopandishwa kwa makala anaelewa uzito wa sharti hilo. Unaotesha mbegu, unapalilia, kisha unamkaribisha jirani avune pamoja nawe siku ya kwanza. Maelfu ya makala yametokana na data ile, nyingi zikiandikwa na watu ambao hawajawahi kumwona hata mshiriki mmoja.

Lakini kuweka wazi si kutupa mafaili mtandaoni. Mashine mbili za MRI kutoka viwanda viwili zinaweza kumpiga picha mtu mmoja na kutoa vipimo visivyolingana. Kwa hiyo ADNI iliandaa kitu cha kupimia mashine zenyewe, chombo chenye umbo na vipimo vinavyojulikana, kilichopigwa picha katika kila kituo ili tofauti za mashine zisije zikadhaniwa kuwa ni ubongo unaosinyaa. Halafu kuna majedwali. Fungua jedwali la mtu mwingine utakuta kwenye safu ya umri: 72, 68, 81, 999. Hakuna mzee wa miaka 999; hiyo ni alama kwamba jibu halikupatikana. Jedwali jingine hutumia -4 kwa maana hiyohiyo. Asiyepewa maelezo ya alama hizo atapiga wastani na kupata upuuzi, tena upuuzi wenye nukta za desimali. Kuandika maelezo hayo ni kazi ya kuchosha na haina sifa, na naomba taasisi zianze kuilipia kama kazi nyingine yoyote.

Faida ya kushirikisha data inaonekana hasa kwenye jeni. Mabadiliko mengi ya jeni yanayohusiana na Alzheimer huongeza hatari kidogo mno, hivyo kituo kimoja hakiwezi kuyaona. Mwaka 2013 makundi ya watafiti yaliunganisha data za watu 74,046 na kupata maeneo 11 mapya yanayohusiana na ugonjwa kwenye jenomu, yaani jumla ya jeni zote za mtu. Mwaka 2022, kwa data kubwa zaidi, idadi ya maeneo yanayojulikana ilifika 75.

Hapa nina manung'uniko. Wengi mno wa watu hao wana asili ya Ulaya. Utafiti uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nijeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis uliripoti mwaka 2001 kwamba visa vipya vya Alzheimer kwa mwaka vilikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis, wote wakipimwa kwa njia moja. Tena jeni ya APOE4, inayoogopwa sana Ulaya kwa kuongeza hatari ya Alzheimer, ina uhusiano dhaifu zaidi na ugonjwa kwa watu wenye asili ya Afrika. Huenda kuna kitu hapo kinachowakinga watu wa Ibadan, na hatutakijua kwa kuendelea kuchimba data za watu walewale.

Kuna hofu pia, na ni ya haki. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichukua picha za MRI za watu 84 na kuzilinganisha na picha za nyuso zao kwa programu ya kutambua sura. Programu iliwatambua 70. MRI ya kichwa hubeba pua, macho na mdomo, hata kama jina limefutwa. Siku hizi uso hufutwa kwenye picha kabla ya kutolewa, na anayeomba data hutia saini kwamba hatajaribu kumtafuta mtu. Kwa jeni ni vigumu zaidi, maana jeni zako ni za watoto wako pia, na wao hawakusaini popote.

Ndiyo maana natilia mkazo ridhaa, na muda wake. Auguste hakuulizwa. Mshiriki wa leo lazima aulizwe mapema, akili ikiwa bado yake. Ningependa aya ya fomu inayohusu kushirikisha data isomwe kwa sauti ziara ya kwanza, mke au mume au mtoto akiwa amekaa pembeni, na mshiriki aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa: nani ataiona, itakaa miaka mingapi, na nini hakiwezi kurudishwa kikishatoka. Ziara ya pili isomwe tena. Ya tatu pia, maadamu bado anaweza kujibu. Akikataa, liandikwe jibu lake neno kwa neno, na tarehe.