Mafundi Wasioondoka: Moyo Baada ya Mshtuko

(Mhadhara uliotolewa barazani Langoni, Lamu, baada ya Magharibi)

Masalkheri wazee wangu, mama zangu mlioko ndani, na nyinyi vijana mliojibana ngazini. Nimepewa muda hadi adhana ya Isha, na adhana haimngoji daktari, basi tuanze.

Hii karatasi mkononi mwangu ni majibu ya maabara ya nahodha mmoja. Jina nimelikata kwa mkasi, msihangaike kuchungulia. Pana herufi tatu, CRP, kipimo cha protini moja ya damu, na mbele yake 112. Kijana wake alinijia mbio: "Daktari, wameandika kawaida ni chini ya 5. Baba ndiyo anakwenda?" Nikamwambia kaa, unywe maji. Babako ana siku ya tatu tangu apatwe na mshtuko wa moyo, na siku ya pili na ya tatu ndipo namba hii hupanda kileleni. Kupanda kwake hakukunishangaza. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba imepanda mno, na nitawaeleza kwa nini.

Mshtuko wa moyo ni donge la damu linaloziba mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Nyama iliyokosa damu hufa. Sasa, mliokwenda Matondoni mmeona jahazi likipandishwa ufuoni. Ubao uliooza haupakwi rangi ukaachwa. Fundi huutoa kwanza, tezo na patasi, kelele na vumbi, na ukimwona saa ile utaapa kuwa analivunja. Ubao mpya, misumari, kalafati ya pamba, sifa, yale mafuta ya papa, hayo yote huja nyuma.

Mwili nao hufanya hivyo. Ndani ya saa chache seli nyeupe za damu huvamia palipokufa. Za mwanzo ni za fujo, zinabomoa. Nyuma yake huja kubwa zaidi zinazokula mabaki, kisha zinaita wajenzi wa kovu. Kazi nzima hiyo huitwa mchochota. Wengine husema uvimbe, lakini nikisema uvimbe hapa mtadhani nazungumzia jipu. Tofauti na jahazi, moyo hauna ubao mpya wa kutosha: mahali pa nyama hukaa kovu, nalo huchukua wiki kadhaa kukomaa.

CRP haitoki moyoni, hutengenezwa na ini. Seli zikiwa kazini hupeleka ujumbe kwenye damu, na mjumbe mkubwa huitwa intalukini 6. Ini likiupata hutoa protini hii kwa wingi. Waliogundua ni Tillett na Francis, New York, mwaka 1930, nao walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia, hata moyo haukuwamo katika hesabu zao. Ndiyo maana nasema CRP ni moshi tu. Malaria huipandisha, jino bovu huipandisha. Ukiuona moshi juu ya mapaa ya Mkomani hujui kama nyumba inaungua au ni mtu anachoma samaki.

Lakini kwa mtu ambaye tunajua nyumba yake imeungua, wingi wa moshi una maana. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba ambao CRP yao hupanda sana siku zile za mwanzo ndio ambao baadaye moyo wao hushindwa kazi zaidi. Sehemu ya sababu ni nyepesi: jeraha kubwa, mafundi wengi. Sehemu ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Kuna mafundi wasioondoka. Kazi imekwisha, wao bado wana tezo mkononi, wanachonga na ubao mzima. Ukuta wa moyo unakuwa mwembamba, chumba cha kushoto kinapanuka kama tanga lililochakaa, na msukumo unalegea. Huko ndiko moyo kushindwa kazi. Haukusimama, jamani, unapiga, ila damu inayotoka haitoshi, na maji yanabaki mapafuni na miguuni.

(Hapa mzee mmoja akauliza: "Sasa daktari, moto si uzimwe?")

Mzee wangu, swali hilo limewatoa jasho madaktari miaka hamsini. Miaka ya 1970 walijaribu steroidi, dawa kali za kuzima mchochota, ikazuka hofu kwamba kovu linatoka dhaifu na ukuta unaweza kupasuka. Ukiwafukuza mafundi wote, nani ataziba tundu? Mwaka 2017 yakatoka majibu ya utafiti uitwao CANTOS. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko, ambao CRP yao ilikuwa imekwama kwenye 2 au zaidi, walichomwa sindano kila miezi mitatu, baadhi sindano tupu na wengine dawa ya kumzuia mjumbe mmoja tu wa mchochota. Dozi ya kati ilipunguza mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15, na waliolazwa kwa moyo kushindwa walipungua kadiri dozi ilivyopanda. Furaha. Kisha wakahesabu waliokufa kwa maambukizi, wakawa wengi zaidi kwa waliochomwa dawa. Na bei yake, tusiitaje mbele ya watu.

Wakageukia kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, rahisi. Mwaka 2019 ilionekana kusaidia. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi, watu zaidi ya 7,000, ukasema haikusaidia, na CRP yao ilikuwa imeshuka! Moshi ulipungua, nyumba ikabaki vile vile. Mimi tangu siku ile sishangilii namba peke yake.

Turudi kwa nahodha. Alitoka hospitali na dawa tano nilizomwandikia mimi. Baada ya wiki sita akaja analalia mito mitatu, akilala chini pumzi inakata, na kidole nikikibonyeza mguuni shimo linabaki. Nikamwambia fungua mfuko. Zikatoka tano zangu, na chini kabisa, kwenye karatasi ya khaki, diklofenaki. Ya goti. Alikuwa akinunua dukani, kutwa mara mbili, tangu kabla ya mshtuko. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni pia imo, hufanya mwili ushike chumvi na maji, na kwa aliyepata mshtuko huongeza hatari ya mwingine. Aspirini ndogo ya moyo ni jambo jingine, hiyo msiiache. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa tano na sikumuuliza za kwake.

Tuliitoa ile, tukaongeza dawa ya kukojoza, na ng'onda akaiaga kwa machozi, maana ile chumvi ni bahari nzima. Sasa anajipima uzito kila asubuhi kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu anakuja, hangoji kuvimba.

Naona muadhini anajaribu kipaza sauti. Kesho asubuhi nitakuwa hapa hapa barazani na mzani. Aliyewahi kupata mshtuko aje na mfuko wake wa dawa, wote, na ile ya goti pia.