Kwa Nini Vampaya Anaogopa Kitunguu Saumu: Jibu Kutoka Vienna

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Leo nimeketi katika uwanja wa Maria-Theresien-Platz, katikati ya jiji la Vienna, Austria, na nyuma yangu mnaiona sanamu kubwa ya Malkia Maria Theresa, aliyetawala hapa karne ya 18, akiwa juu ya kiti chake cha enzi. Msimtazame yeye. Mtazameni mmoja wa mabwana waliosimama chini yake, Gerard van Swieten, aliyekuwa tabibu wake. Nimemfuata mzee huyu kwa sababu ya binti mmoja wa Tanga aliyeniuliza ni vipi vampaya wa filamu, yule mfu anayeinuka usiku kunyonya damu, mwenye nguvu za kumtupa mtu ukutani, akimbizwe na kitunguu saumu tunachotwanga kila siku kwa ajili ya pilau. Nimelisoma swali hilo mara tatu, kisha nikaona kwamba haliwezi kujibiwa kabla hatujajua vampaya mwenyewe alikuwa nani.

Wakulima wa Serbia hawakumjua bwana wa ngome mwenye joho jeusi. Wao walimjua jirani. Mwaka 1725, Serbia ya kaskazini ilipokuwa chini ya utawala wa Austria, katika kijiji cha Kisiljevo alifariki mtu aliyeitwa Petar Blagojević. Ndani ya siku nane watu wengine tisa walikufa baada ya kuugua kwa muda mfupi, na walipokuwa kitandani walisema kwamba marehemu aliwajia usingizini akawakaba. Mjane wake naye alidai kwamba mumewe alirudi kuomba viatu vyake. Ofisa wa serikali, Frombald, alitaka kwanza kungoja idhini ya wakuu wa Belgrade, lakini wanakijiji walimwambia wazi kwamba wangekihama kijiji kuliko kungoja, basi akaenda nao makaburini pamoja na kasisi. Walimkuta marehemu hajaoza, nywele na kucha zikionekana kama zimeota, na damu mbichi kinywani. Wakamchoma kigingi moyoni, damu ikatoka, kisha wakamteketeza kwa moto. Taarifa ya Frombald ilichapishwa katika gazeti la hapa hapa Vienna mwaka huo huo.

Kigingi basi hakikubuniwa na watunga hadithi. Mwili unapooza huvimba kwa gesi, nayo gesi husukuma majimaji mekundu hadi mdomoni. Ngozi ya juu hubambuka na kuacha chini yake ngozi inayofanana na mpya. Na ukiuchoma mwili wa namna hiyo, hewa hutoka kwa sauti inayoweza kudhaniwa kuwa ni mlio wa aliye hai. Mkulima aliyeshika kigingi aliona kwa macho yake tumbo likinywea na damu ikimwagika, akaridhika kwamba dawa imefanya kazi. Na kigingi hakikukatwa kutoka mti wowote. Waserbia walikata mti wa miiba wanaouita glog, ambao Wakristo wengi wa Ulaya waliusimulia kuwa ndio uliosokotwa taji la Yesu, ingawa imani ya kwamba miiba huzuia uovu ni kongwe kuliko Ukristo. Chuma nacho kiliheshimiwa vivyo hivyo. Mwaka 2022 huko Pień, Poland, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua kaburi la karne ya 17 la mwanamke aliyezikwa na mundu juu ya shingo na kufuli kwenye kidole cha mguu. Mundu ule uliwekwa ili akithubutu kuinuka, ajikate mwenyewe.

Mpaka hapa nadhani mmekwisha kuona ninakoelekea. Mambo tunayoyaita udhaifu wa vampaya ni mazishi yaliyofanywa upya, au yaliyofanywa kwa tahadhari zaidi tangu mwanzo. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya mashariki watu walimwaga punje za mtama au mbegu nyingine ndogondogo kaburini na njiani, wakiamini kwamba marehemu hawezi kupita bila kuzihesabu moja moja, na Wakashubi wa pwani ya Baltiki waliweka wavu wa kuvulia samaki ndani ya jeneza ili maiti ashughulike kufungua mafundo yake. Sisi watu wa pwani tunaojua wavu una mafundo mangapi tunaweza kukubali kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kumtosha mtu mpaka kiyama.

Kitunguu saumu, binti yangu wa Tanga, kilikuwa na sifa zake hata kabla vampaya hajapata jina. Mwandishi wa Kirumi Plinius, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba harufu yake hufukuza nyoka na nge. Baadaye, katika karne ambazo waganga wa Ulaya waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu, harufu kali ilionekana kuwa ngao dhidi ya hewa hiyo, na hakuna hewa iliyoogopwa kuliko ile ya kaburi. Huko Romania, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, watu walipaka kitunguu saumu kwenye milango na madirisha ili kuwazuia strigoi, yaani wafu wanaotembea, na mtu aliyekataa kukila alitazamwa kwa shaka. Kitunguu hicho hicho kilitumiwa dhidi ya wachawi na jicho baya. Mwenye nyumba wangu hulalamika kuhusu harufu ya mapishi yangu kwenye ngazi. Kwa kipimo cha Romania, jengo letu lingehesabiwa kuwa salama kuliko yote mtaani.

Sasa tuje kwenye msalaba, ambao ndio ulionipa kazi zaidi. Katika filamu msalaba humuunguza vampaya kama kaa la moto, lakini Wagiriki wa visiwani walikuwa na fikra ngumu zaidi. Kwao mfu anayetembea, vrykolakas, mara nyingi alikuwa mtu aliyetengwa na Kanisa, kwa kuwa tamko la kumtenga lilimwombea abaki bila kuoza baada ya kufa. Magharibi, mwili usiooza ungeweza kuwa dalili ya utakatifu. Kwa Mgiriki ungeweza kuwa dalili ya laana, na dawa iliyostahili kuja kwanza ilikuwa askofu amwondolee marehemu laana ile, ardhi ipate kumpokea.

Mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Joseph Pitton de Tournefort, alikuwa kisiwani Mykonos mwishoni mwa mwaka 1700, mkulima mmoja aliyeuawa shambani aliposemekana kuwa anarudi usiku, anapindua vyombo na kuzima taa. Siku ya kumi ilisomwa misa, mwili ukafukuliwa, na mchinjaji nyama wa mji, mzee asiye na ustadi, akaanza kupasua tumbo badala ya kifua kabla ya kuufikia moyo. Moyo ulichomwa ufukweni, lakini usumbufu ukazidi. Wakazi wakaanza kubishana kama kosa lilikuwa kusoma misa kabla ya kuutoa moyo badala ya baada yake. Wakamwaga maji ya baraka, wakachomeka panga juu ya kaburi. Ndipo Mwalbania mmoja aliyekuwa mjini akawaambia kwamba wanafanya upuuzi, kwa kuwa mpini wa upanga wa Kikristo una umbo la msalaba, nao ndio unaomzuia shetani asitoke ndani ya ile maiti. Afadhali watumie panga za Kituruki. Mwisho mwili wote uliteketezwa tarehe 1 Januari 1701. Nampenda sana Mwalbania huyu. Kwake msalaba ulikuwa kama komeo la mlango, na komeo humfungia ndani aliye ndani kama linavyomzuia aliye nje.

Nuru ya jua ni jambo jipya. Wafu wa vijijini walirudi kaburini jogoo alipowika, na tangu mwaka 400 hivi mshairi Mkristo Prudentius alikuwa ameandika kwamba pepo hutawanyika wakisikia sauti hiyo, lakini kurudi nyumbani si kufa. Hata Dracula wa riwaya ya mwaka 1897 anatembea London mchana, nguvu zake zikiwa zimepungua tu. Aliyeuawa na mapambazuko ni yule wa filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, mwaka 1922. Riwaya ile ya Dracula ndiyo iliyomnyima vampaya taswira kwenye kioo, ilhali desturi ya zamani ilikuwa kufunika vioo katika nyumba yenye msiba. Sharti la vampaya wa filamu kukaribishwa kabla ya kuingia nyumbani nalo lina ndugu yake katika kisiwa cha Kigiriki cha Chios, ambako iliaminika kwamba vrykolakas hubisha hodi na kuita jina la mtu mara moja tu, na anayeitika hufa. Kwa hiyo watu walingoja waitwe mara ya pili. Marehemu bibi yangu naye alitukataza kuitika tukiitwa mara moja tu, na sidhani kama aliwahi kuisikia Chios.

Narudi kwa mzee aliyesimama nyuma yangu. Mwaka 1755 maiti ya mwanamke ilifukuliwa na kuchomwa moto katika eneo la Silesia, na Malkia akamwagiza van Swieten aichunguze habari hiyo. Tabibu alieleza kwamba baridi, udongo ulioshikana na ukosefu wa hewa huchelewesha kuoza, na mwaka huo huo Malkia akapiga marufuku kufukua na kuadhibu maiti bila idhini ya serikali. Mpaka leo vijijini jambo halijasahaulika kabisa: mwaka 2012, kinu cha maji kilichosemekana kuwa makao ya vampaya Sava Savanović kilipobomoka huko Zarožje, Serbia, viongozi wa eneo waliwashauri wakazi waweke kitunguu saumu nyumbani, na sina hakika ni wangapi waliocheka.

Baadhi yenu mtauliza kuhusu mumiani wetu. Neno hilo, lenye asili ya Uajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama gundi iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika, na wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyogandishwa. Enzi za ukoloni, Kenya na Uganda, waliosemwa kukamata watu na kuwatoa damu walikuwa wazimamoto. Mumiani huyu hakuwa marehemu aliyezikwa vibaya. Alikuwa mtu hai, mwenye ajira na gari, na ndiyo maana sijapata kusikia kitunguu wala mbegu zilizomzuia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza walichofanya watu wa mjini uvumi wa mumiani ulipovuma: jua likishazama, ni wachache waliotoka nje ya nyumba zao.

Betri inakwisha na vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi. Binti wa Tanga, niandikie kama kwenu nako mlikatazwa kuitika mnapoitwa usiku mara moja.