Uzito Unakwenda Wapi?

Ndugu zangu, kabla ya kuzungumzia vazi la kumsaidia mtu kunyanyua mizigo (kwa Kiingereza, exoskeleton), tuzungumzie mgongo.

Mtu akiinama kuokota kasha la kilo 20 huku amenyoosha mikono, kasha hilo huwa kama sentimita 50 mbele ya uti wake wa mgongo. Misuli inayomzuia asianguke kifudifudi iko nyuma ya uti, sentimita 5 hivi tu. Pigeni hesabu ya nyenzo: mzigo uko mbali mara kumi kuliko misuli, basi misuli hiyo inavuta kwa nguvu ya kilo 200, na uzito wa kiwiliwili bado sijauhesabu. Nguvu hiyo yote inazibana pingili za uti. Kuli anabanwa hivyo zamu nzima. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani naye vilevile.

Sasa vazi lenyewe. Yale mepesi hayana mota wala betri. Yana springi au mikanda ya mpira, yamefungwa kifuani, kiunoni na mapajani. Ukiinama, springi inajikaza. Ukiinuka, inakurudishia nguvu uliyoipa. Inakusukuma kifuani kutoka mbele na kuegemea mapaja, kwa hiyo misuli ya mgongo haivuti peke yake, na pingili zinapumua kidogo.

Ya mota nayo yana historia ndefu. General Electric ya Marekani ilijaribu kuunda moja miaka ya 1960, likaitwa Hardiman. Lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi, na uliofanikiwa kuendeshwa ni mkono mmoja tu. Leo vazi liitwalo HAL, la kampuni ya Cyberdyne, Japani, linasoma ishara za umeme za misuli kupitia ngozi na kusukuma pamoja na mvaaji.

Lakini nawasihi mshike hili: uzito haupotei, unahamishwa. Ulichompunguzia mgongo kimekwenda kifuani na mapajani. Huko kuna joto, jasho, mikanda inayochubua, na bamba la kifua ambalo mara nyingi halikupimwa kwa mwili wa mwanamke. Kupanda ngazi au kupita penye nafasi finyu kunakuwa kazi nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni msimamizi anayewavisha watu kisha akaongeza mzigo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya kunyanyua, inaweka kikomo cha kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na kwenye kimo kizuri. Mzigo ukisogea mbali, kikomo kinashuka. Kanuni hiyo haikutungwa kwa mtu aliyevaa springi, basi msiitumie springi kuivuka.

Anzeni na kasha. Je, linaweza kukaa mezani badala ya sakafuni? Litiwe magurudumu? Livutwe kwa winchi? Kazi ikibaki ya mikono kweli, kama ya yule muuguzi, hapo leteni vazi. Mpeni alijaribu zamu nzima, si dakika kumi ofisini, kisha mwulizeni linambana wapi. Akisema livuliwe, livuliwe.