Damu Kwenye Mswaki

Ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, hebu kila mmoja apitishe ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele, yale ya chini, pale yanapoota kwenye ufizi. Wengine mtahisi utelezi. Wengine mtahisi kitu kama mchanga. Simuulizi mtu jibu, lakini huo mchanga ndio ulionileta hapa.

Jina lake ni ukoga. Huanza ukiwa laini, utando tu wa bakteria. Ukila kitu chenye sukari nao wanakula, kisha wanatoa asidi inayomumunya madini ya jino. Matundu huanzia hapo. Usipousugua, ndani ya siku chache unachukua madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Ukifika huko mswaki hauufanyi kitu, ni kazi ya vyombo vya daktari.

Sasa niseme linaloniudhi. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, namtazama, upande mmoja wa kinywa umetakata na wa pili umevimba, mwekundu. Kulikoni? "Huku nikigusa panatoka damu, daktari, kwa hiyo napaacha papumzike." Papumzike! Ufizi wenye afya hautoi damu kwa kuguswa na mswaki laini. Ukitoa damu, mara nyingi ni kwamba ukoga umekaa pale muda na mwili unapambana nao. Ukipaacha, ukoga unaongezeka, na damu nayo inaongezeka. Sugua palepale, kwa upole, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Kwa wengi damu hukata baada ya wiki moja au mbili. Isipokata, nenda ukaonwe, maana ugonjwa ukishuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino, mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Kusugua kwenyewe, basi. Wengi wetu tunasugua kama tunafua kola ya shati: nguvu zote, mbele nyuma, mbele nyuma, tumemaliza. Ufizi unakwanguka, shingo ya jino inabaki wazi, halafu tunalalamika maji baridi yanauma. Tafuta mswaki wenye nywele laini. Ulaze mshazari, kama nyuzi 45, nywele zielekee pale jino linapokutana na ufizi, utikise taratibu, meno mawili matatu kwa wakati, dakika 2 nzima. Ushike kwa vidole kama kalamu na nguvu zitapungua zenyewe. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha jino. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kazini. (Ndiyo, mdomo utabaki na ladha ya dawa. Utazoea.) Mtoto wa chini ya miaka 3 anatoshwa na kiasi cha punje ya mchele. Mswaki ubadilishe kila miezi 3 au 4, au mapema ukishachanua.

Lakini mswaki, hata uwe stadi namna gani, hauingii katikati ya meno yaliyobanana. Hapo panataka uzi. Levi Spear Parmly, daktari wa meno wa New Orleans, alikuwa akiwahimiza watu watumie uzi wa hariri tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mpaka leo tunabembelezana.

Kata sentimita 45 hivi, zungushia sehemu kubwa kwenye vidole vya kati, ubakize kidogo katikati. Uingize kama unayekata kwa msumeno, polepole. Ukiusukuma kwa kishindo utajikata ufizi. Ukishaingia, wengi wanautoa. Bado! Ukumbatishe jino moja, shuka nao hadi chini kidogo ya ukingo wa ufizi, panda, shuka, kisha hamia jino la jirani. Halafu unuse uzi uliotoka kwenye gego la mwisho. Mnacheka, lakini asiyeamini akauonee nyumbani, peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Pale mezani kuna uzi na vioo vidogo. Naweni mikono kwanza, kisha kila mmoja achukue kipande. Nitapita kuwaangalia mmoja mmoja, nikianza na magego.