Msifungue Bahasha Kwanza

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za mchana. Najua saa hii ya baada ya chakula ni ngumu, kwa hiyo nitasema kidogo ili tupate muda wa kucheza. Ndiyo, kucheza. Bahasha zilizo chini ya viti vyenu msizifungue kwanza.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kipindi cha kwanza nilichofundisha maadili ya akili mnemba (wenzetu wa Kenya wanasema akili unde, leo tusigombane), niliandika maana yake ubaoni. Kidato cha Tatu wakanakili. Nikaandika usawa, uwazi, uwajibikaji, faragha. Wakanakili. Kengele ikalia. Wiki iliyofuata nikauliza uwajibikaji ni nini, kijana mmoja akanisomea daftari neno kwa neno, kwa mahadhi kabisa. Nikamuuliza, basi mashine ikikosea, nani awajibike? Akafunua ukurasa wa pili, akatafuta, akaniangalia: "Mwalimu, hiyo hatujaandika."

Nikatafuta kitu cha kuwachangamsha. Mwaka 2016 watafiti wa MIT Media Lab kule Marekani waliweka mtandaoni mchezo uitwao Moral Machine. Gari linalojiendesha limekatika breki, nawe unaamua limgonge nani: mzee au mtoto, abiria au mpita njia. Watu wa nchi na maeneo 233 walitoa maamuzi yapata milioni 40. Darasani kwangu kelele zilikuwa za uwanja wa mpira. Lakini vijana walitoka wakiamini kwamba maadili ya akili mnemba ni habari ya gari ambalo hawajawahi kuliona, kwenye barabara isiyo na hata bodaboda moja. Na wote walikuwa mahakimu. Aliyehukumiwa hakuwemo chumbani. Nimeuacha mchezo ule.

Kilichofanya kazi ni mtihani. Mtoto wa sekondari humwambii kitu kuhusu mtihani.

Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Uingereza ilifuta mitihani ya A-level, ile wanayoingilia chuo kikuu, kama Kidato cha Sita chetu. Walimu wakaombwa wamkadirie kila mtahiniwa alama, kisha wawapange kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu Ofqual, mamlaka ya mitihani ya England, ikapitisha yote kwenye fomula. Fomula ilitazama shule hiyo ilifanyaje miaka ya nyuma, ikagawa alama zinazofanana na za huko nyuma kufuata nafasi. Somo likiwa na watahiniwa watano au pungufu, fomula iliwaacha na makadirio ya mwalimu. Sasa jiulizeni, shule zenye madarasa ya watoto watano ni zipi? Hata huku mnazijua. Matokeo yalitoka Agosti 13. Karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yalikuwa yameshushwa. Vijana wakaingia barabarani, na Agosti 17 serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu.

Mimi kisa hicho siwasimulii wanafunzi. Nawaingiza ndani yake. Darasa langu lina watu 45. Watano ni Fomula. Wanakaa mbele na karatasi ya maelekezo, hawaruhusiwi kuuliza swali wala kujibu. Arobaini wanagawanywa katika shule tatu za kubuni: Mwembeni wanafunzi 18, Baharini 18, Kileleni wanne tu. Kila mmoja ana kadi ya manila yenye jina la kubuni, makadirio ya mwalimu na nafasi yake. Mwembeni, kwa miaka mitatu, hakuna aliyevuka C.

Kompyuta haihitajiki. Umeme ukikatika, somo linaendelea.

Mara ya kwanza, kadi ya kwanza ya Mwembeni ilimwangukia binti mmoja mkimya sana. Makadirio yake yalikuwa A. Fomula wakamwandikia C. Wa kwanza wa Baharini, naye kakadiriwa A ileile, akapewa A. Wale wanne wa Kileleni hawakuguswa, wakaanza kupongezana. Yule binti akasimama, akauliza, "Nimekosea wapi?" Wale watano kimya, ndiyo sheria ya mchezo. Akauliza tena. Mmoja wa Fomula, rafiki yake wa dawati, akainamisha kichwa, kisha akavunja sheria: "Hujakosea. Waliotangulia ndio hawakufaulu." Tupo shule ya kata. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Hapo ndipo neno uwajibikaji liliporudi, safari hii si la daftarini. Nikawaambia kwamba Agosti hiyo hiyo Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati ule, alipozungumza na wanafunzi aliitupia lawama fomula, akaiita "mutant", yaani kiumbe kilichogeuka cha ajabu. Darasa lililipuka. Wale watano ndio waliokasirika kuliko wote: "Sisi tumefuata karatasi! Karatasi ameandika nani?" Wakanigeukia mimi, mwandishi wa karatasi. Nikajitetea kwa dakika kumi na kitu na, niseme ukweli, sikushinda.

Onyo moja kwa mtakaojaribu: msitumie alama halisi za wanafunzi wenu, hata kwa utani. Ni taarifa zao, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zaidi ya sheria, mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake hatajifunza haki siku hiyo.

Kwa mwenye simu moja tu darasani, lipo zoezi la dakika tano. "Yeye" yetu haisemi mume wala mke. Wape wanafunzi "yeye ni daktari" na "yeye ni muuguzi", wakisie kwa maandishi programu ya kutafsiri italeta Kiingereza gani, "he" au "she", kisha wajaribu programu zaidi ya moja. Nyingine siku hizi zimerekebishwa, na hilo nalo ni somo: nani alilalamika hadi zikarekebishwa? Hapo unaweza kumtaja mtafiti Joy Buolamwini, ambaye mwaka 2018, pamoja na mtafiti mwenzake Timnit Gebru, alionyesha kuwa programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na kwa wanaume weupe hazikufika hata asilimia 1.

Haya, nimeona mzee wa mstari wa nyuma ameshachungulia bahasha yake. Fungueni. Wenye kadi ya njano ni Fomula, njooni mbele, na kuanzia sasa hamsemi. Wa Mwembeni kaeni huku dirishani. Nani Kileleni? Nyinyi hamna haraka, endeleeni na chai.